Zimwi Lisilokujua

Walionitangulia kwa umri, shikamooni. Wenzangu wengine, habari za jioni. Asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi kwa kuja na mabegi yenu yakiwa na kila kitu ndani kama nilivyoomba. Tutayahitaji.

Wengi wenu keshokutwa mnapanda milimani, baadhi kwa skii, baadhi kwa viatu vya theluji, na mnakwenda nje ya maeneo yanayolindwa. Huko hakuna mtu aliyeamka alfajiri kulipua theluji ili iporomoke mapema na nyinyi mpite salama. Hakuna kamba ya kuwazuia wala kibao cha kuwaonya. Kwa hiyo sitazunguka mbuyu. Theluji tunaweza kuibishania mpaka kuche na tusifikie hakika, lakini mteremko unapimika. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayosema nayasema kwa ajili yake.

Naanza na yaliyonipata.

Tulikuwa watano. Theluji nyingi ilikuwa imeanguka pamoja na upepo, kisha zikafuata siku mbili za jua na anga safi, zile siku ambazo mtu akichungulia dirishani anaona dhambi kubaki ndani. Taarifa ya asubuhi ya hatari ya maporomoko ya theluji ilisema ngazi ya tatu kati ya tano. Ilitaja waziwazi miteremko inayotazama kaskazini, karibu na vilele, kwamba kuna tabaka dhaifu lililofukiwa. Tuliisoma sote tukinywa chai. Kisha tukaenda kwenye mteremko unaotazama kaskazini, karibu na kilele.

Kabla hatujaanza kuupanda, tukiwa kwenye tambarare fupi chini yake, theluji iliguna. Sijui niueleze vipi mguno ule kwa asiyewahi kuusikia. Ni kama mtu mzito amejitupa juu ya godoro kuukuu katika chumba kilicho chini ya miguu yako. Puu! Kisha unahisi unashuka, kidogo tu, labda upana wa kidole, na unaona ufa mwembamba kama uzi ukikimbia mbele ya ncha za skii zako mpaka unapotelea. Baada ya hapo, kimya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi siku ile nilikuwa nimesimama katikati ya kimya hicho.

Nilisita. Nikatazama migongo ya wenzangu ikiendelea kupanda, nikajiambia: bila shaka nao wameusikia, na kama ungekuwa na maana yoyote wangesema. Sikutoa neno. Dakika chache baadaye ufa ulifunguka juu yetu, kama mita 60 kutoka alipokuwa mtu wa kwanza, na mteremko mzima ukavunjika vipande vipande kama sahani. Wawili walisombwa. Mmoja alibaki juu. Mwingine hakuonekana.

Tulimpata. Alikuwa chini ya sentimita 80 za theluji iliyokaza kama zege, midomo yake imegeuka rangi ya zambarau, bega limevunjika, na alipokohoa mara ya kwanza hakuna kati yetu aliyeweza kusema. Jioni ile, hospitalini, tukaulizana. Kila mmoja aliusikia mguno. Kila mmoja alinyamaza kwa sababu wengine wamenyamaza. Nimeibeba jioni hiyo miaka yote hii, na ndiyo sababu ninasimama mbele yenu.

Sasa tuingie chini ya uso wa theluji tuone ni kitu gani kilichoguna.

Theluji ya mlimani haikai kama unga uliomiminwa ndani ya gunia. Inakaa matabaka, kila dhoruba na tabaka lake, kila siku ya jua na ganda lake, kila usiku wa anga wazi na sakitu yake. Baadhi ya matabaka hushikana vizuri. Baadhi hayashikani kamwe. Poromoko lile linaloua wapandaji wengi ni la bamba: tabaka la juu lililoshikana, gumu kiasi cha kuvunjika kwa kipande kikubwa kimoja, likiwa limekaa juu ya tabaka dhaifu. Na hapo ndipo akili inapodanganyika, kwa sababu bamba gumu lina raha kulikanyaga. Mguu hauzami. Mtu anajisikia yuko juu ya kitu imara.

Tabaka dhaifu hutokea vipi? Ziko njia kadhaa, ila mbili nataka mzijue kama mnavyoijua njia ya nyumbani.

Ya kwanza ni sakitu. Usiku usio na mawingu wala upepo, uso wa theluji hupoa kuliko hewa iliyo juu yake, na unyevu wa hewa hugandia pale na kuota fuwele bapa kama manyoya. Asubuhi zinameta kwenye jua. Ni nzuri mno, na ukipita juu yake zinalia chini ya skii kama vipande vya kioo chembamba. Zikibaki wazi hazina neno. Zikifukiwa zikiwa bado zimesimama, basi umepata safu ya karata zilizosimamishwa wima na juu yake dari. Tabaka la namna hiyo linaweza kuwa na unene wa sentimita moja tu, na likabaki dhaifu kwa majuma mengi baada ya kila mtu kulisahau.

Ya pili ni chembe za sukari. Ardhi iliyo chini ya theluji kwa kawaida hukaa karibu na nyuzi sifuri, hata pale hewa ya juu ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo ndani ya theluji joto linapanda kutoka chini kwenda juu, na mvuke nao unapanda pamoja nalo. Tofauti ya joto ikizidi takriban nyuzi moja kwa kila sentimita 10 za kina, mvuke huo huanza kuzijenga upya chembe za theluji: zinakuwa kubwa, zenye pembe na kingo, na zinapoteza mishikano yake. Ukizichota mkononi zinateleza katikati ya vidole kama sukari. Huwezi kuzifinyanga kuwa tonge.

Hebu fanyeni hesabu nami. Theluji yenye kina cha mita mbili, chini sifuri, juu nyuzi 10 chini ya sifuri: tofauti ni nusu nyuzi kwa kila sentimita 10. Inatulia na kukaza. Theluji yenye kina cha nusu mita, baridi ileile: nyuzi mbili kwa kila sentimita 10. Hiyo inageuka sukari. Mnaona jambo lenyewe? Theluji haba ndiyo inayooza. Watu hufurahi mwanzo wa msimu kwamba theluji bado ni kidogo, kwa hiyo hatari nayo itakuwa ndogo, na wiki zote hizo msingi wa msimu mzima unaharibika chini yao. Na hata katikati ya msimu, pale kina kinapopungua, pembezoni mwa mawe, kwenye migongo ya milima, ndipo uzito wa mtu mmoja unapolifikia tabaka dhaifu kwa urahisi. Ufa ukianza hapo unakimbilia kwenye kina kikubwa. Kwa hiyo unaweza kuliamsha poromoko ukiwa umesimama kando, au hata chini kwenye tambarare, kama sisi.

Mguno tuliousikia ulikuwa tabaka dhaifu likiporomoka chini ya bamba. Hewa inatoka, theluji ya juu inashuka, sauti inafuata. Hakuna chombo cha maabara kinachoweza kukuambia jambo hilo kwa uwazi zaidi. Mlima umefanya jaribio kwa niaba yako na kukusomea majibu kwa sauti. Mguno, nyufa zinazokimbia mbele ya miguu, na maporomoko mapya kwenye miteremko ya jirani: ukipata mojawapo kati ya hizo tatu, mjadala umekwisha. Geuka, au baki kwenye ardhi isiyo na mwinuko.

Mtu ataniuliza: je, hatuwezi kuchimba tukaona? Tunaweza, na nawahimiza mchimbe, kwa sababu hakuna darasa linaloizidi shimo. Unachimba hadi chini au karibu na chini, unaulainisha ukuta mmoja kwa beleshi mpaka uwe wima kama ukuta wa nyumba, kisha unapitisha kidole kutoka juu kwenda chini, polepole. Hapa kinaingia kwa taabu. Hapa kinaingia kama kwenye mkate. Hapa, ghafla, kinadumbukia chenyewe na chembe zinamwagika juu ya glavu. Kisha unakata nguzo yenye upana wa sentimita 90 na kina cha 30, unaweka beleshi upande mmoja na kuligonga: mara 10 kwa kiganja kutoka kwenye kifundo, mara 10 kutoka kwenye kiwiko, mara 10 kutoka begani. Nguzo ikivunjika na ufa ukapita moja kwa moja mpaka upande wa pili, umeona kwa macho yako kile kinachoweza kutokea mteremkoni. Mara ya kwanza nilipomwona mwanafunzi akifanya jaribio hili, kwa pigo la 12 nguzo yote iliteleza ikamwangukia magotini, safi, kama droo iliyovutwa. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Chini yake pale kulikuwa na msitari wa kijivu usiozidi unene wa kucha.

Lakini shimo linakueleza habari za shimo. Mita 20 kando, upepo ulifanya kazi nyingine. Upepo unaweza kulundika theluji upande wa pili wa mgongo wa mlima kwa kasi inayofika mara 10 ya theluji inayoanguka kutoka mawinguni, na hapo kuna bamba ambalo shimo lako halikuliona. Shimo baya linatosha kukurudisha nyumbani. Shimo zuri halitoshi kukuruhusu kwenda. Nimewaona watu wazima, wenye elimu, wakichimba shimo zuri na kulichukua kama cheti.

Ndiyo maana nawaambia mpime mteremko.

Maporomoko ya bamba kwa sehemu kubwa sana huanzia kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45. Chini ya 30 ni nadra bamba kuteleza, kwa sababu msuguano unalishika. Juu sana ya 45 theluji haikai kwa wingi, inamwagika kidogo kidogo. Katikati pale, hasa kwenye 35 mpaka 40, ndipo mauti yalipo, na ndipo penye raha ya kuteleza pia. Kama hamna picha ya digrii hizo akilini, kumbukeni ngazi za ndani ya nyumba: nyingi zina digrii 30 hadi 37. Mteremko unaofanana na ngazi za nyumba unatosha kuua.

Kipimapembe kidogo kinauzwa, dira nyingi zinacho ndani yake, na simu nazo zinaweza kupima. Lakini kipimo bora kinafanyika mezani usiku wa kuamkia safari. Chukueni ramani ya kipimo cha 1:25,000, yenye mistari ya mwinuko kila mita 20. Wekeni rula. Pengo kati ya mstari na mstari likiwa chini ya milimita 1.4, mteremko umepita digrii 30. Ni hivyo tu. Milimita moja na kidogo ndiyo tofauti kati ya njia ya kurudi nyumbani na njia ya kufukiwa. Chora njia yako inayokwepa mistari iliyobanana, kisha tazama pia kilicho juu ya njia hiyo, maana poromoko likianza halisimami kwa heshima linapofika kwenye ardhi laini. Unaweza kutembea siku nzima kwenye digrii 15 huku mteremko wa 40 unakutazama kwa juu.

Na tazama kilicho chini. Theluji ya nusu mita, kwenye eneo la mita 50 kwa 50, hata ikiwa nyepesi kiasi cha kilo 200 kwa mita moja ya ujazo, ni tani 250. Kiasi hicho kikitawanyika uwandani kinaweza kukuacha juu. Kikimiminika kwenye korongo jembamba kinakufukia mita nyingi. Kikikupeleka kwenye miti au kukurusha genge, bikoni, kile kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi kinachowaonyesha wenzako ulipofukiwa, haikusaidii kitu.

Nirudi kwenye ngazi za hatari. Ulaya ilikubaliana kipimo kimoja mwaka 1993: moja ndogo, mbili ya wastani, tatu kubwa kiasi, nne kubwa, tano kubwa mno. Kwa jicho la haraka, tatu iko katikati, na sisi binadamu tunaipenda katikati. Tunaisoma kama maksi za mtihani: si mbaya, si nzuri, twende. Lakini ngazi hizi hazipandi kwa hatua zilizo sawa. Kila moja ni mruko mkubwa kuliko ile iliyotangulia. Nchini Uswisi, ngazi ya tatu hutangazwa takriban asilimia 30 ya siku za msimu, na karibu nusu ya vifo hutokea katika siku hizo. Ngazi ya tano hutisha vijiji na barabara. Ndiyo iliyotawala Februari 1999, poromoko lilipoingia katika kijiji cha Galtür nchini Austria na kuua watu 31. Siku kama hizo watu hujifungia ndani na barabara hufungwa. Siku ya ngazi ya tatu jua linawaka, barabara iko wazi, marafiki wanapiga simu. Na katika ajali mbaya za wapandaji, karibu tisa kati ya kumi, poromoko liliamshwa na aliyeumia au mtu wa kundi lake. Mlima haukuwaangukia. Waliukanyaga.

Kwa nini basi tunaukanyaga? Nimekaa na swali hili muda mrefu.

Mwaka 2004 mtafiti Ian McCammon alitoa uchambuzi wa ajali 715 zilizotokea Marekani kati ya 1972 na 2003. Wengi waliopatwa hawakuwa wageni wa theluji. Alama za hatari mara nyingi zilikuwa wazi. Akaeleza mitego ya fikra iliyowanasa, na nilipoisoma nilishtuka, kwa sababu mitego ile naijua kwa Kiswahili. Nimelelewa nayo. Ni methali zetu.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mtu amepita mteremko ule miaka kumi, anauona kama jirani. Mwenzetu aliyetuongoza siku ile alipita pale kila mwaka. Lakini theluji ya mwaka huu ni theluji ya mwaka huu. Imeanguka upya, imejengwa upya, na haina habari na mtu. Zimwi hili halikujui.

Penye wengi hapaharibiki neno. Barazani ni kweli. Mteremkoni, wengi ni uzito zaidi juu ya bamba lilelile, na kila mtu anamwachia mwenzake kazi ya kusema. Msione nyayo za watu watano mkadhani mmepewa ruhusa. Wa sita ndiye anaweza kukanyaga pale palipo haba.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tumeendesha gari usiku kucha, tumepanda kwa muda wa saa nne, kilele kile pale. Ndugu zangu, vaeni nguo. Maji haya hayalazimishi mtu kuoga, na aliyegeuka mita 100 kabla ya kilele hana deni kwa yeyote.

Ya nne ndiyo inayonipa taabu, kwa sababu naiheshimu: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu wetu siku ile alikuwa mjuzi kweli. Hatukumtii kwa ujinga, tulimtii kwa adabu. Na adabu hiyo ilimnyima kitu alichokihitaji, yaani macho manane mengine na masikio manane. Siku zote tangu hapo, kundi ninalokwenda nalo lina sharti moja: mtu mmoja akisema hapana, tunageuka, bila kumhoji, bila kumnunia njiani. Na anayeanza kusema ni mdogo kuliko wote au mgeni kuliko wote, ili asije akasikia kwanza mawazo ya mkubwa na kuyameza ya kwake. Mkiwa na mzee kundini, mwombeni aseme mwisho. Mzee mwenye busara atafurahi.

Kuhusu theluji ya maji, ile ya siku za joto au mvua, nitasema kwa ufupi: ukiona theluji inajiviringisha kuwa mipira yenyewe na mguu unazama mpaka ndani, umechelewa. Anza gizani, rudi kabla jua halijaukalia mteremko.

Na ikitokea? Kwa aliyefukiwa, saa ni adui kuliko baridi. Anayepatikana ndani ya dakika 10 za kwanza ana nafasi kubwa sana ya kuishi, zaidi ya tisa kati ya kumi, kama hakuumizwa vibaya. Kufika dakika 30 hadi 35 imebaki takriban theluthi moja. Anakosa hewa, pumzi yake mwenyewe inamrudia, na joto lake linagandisha ganda la barafu mbele ya uso. Hesabuni sasa muda wa kikosi cha uokoaji kufika kwa helikopta, hata kikiwa hodari namna gani. Waokoaji wa kweli ni wale mliokwenda nao.

Ukisombwa, piga kelele ili uonekane, tupa fito za kuskii, pambana utoke kuelekea pembeni. Theluji ikianza kupunguza mwendo, leta mkono mbele ya uso utengeneze nafasi ya kupumua, kwa sababu ikisimama hutaweza kuusogeza hata kidole. Mfuko wa hewa wa mgongoni husaidia. Hupunguza vifo karibu kwa nusu kwa wale wanaosombwa hasa, na nusu nyingine ndiyo inayobaki.

Mkiwa mmebaki juu, tulieni kwa pumzi mbili na kutazama kama kuna mteremko mwingine unaosubiri. Machi 1910, huko Rogers Pass nchini Kanada, wafanyakazi walikuwa wakiondoa theluji ya poromoko lililofunga reli, na poromoko la pili likashuka kutoka mlima wa upande wa pili. Walikufa watu 58. Hesabuni mko wangapi. Kumbukeni mliona wapi mwenzenu mara ya mwisho, anzeni hapo kwenda chini. Wote wageuze bikoni kwenye kutafuta, kila mmoja, maana moja iliyosahauliwa kwenye kutuma itawapeleka kwa mtu aliyesimama. Simu zizimwe au zikae mbali. Tarakimu za umbali kwenye bikoni zinapopungua, inameni. Mkifika karibu ya mita tatu, bikoni iguse theluji na mwendo uwe wa kinyonga. Ufito wa kutafutia, ule mrefu unaochomekwa ndani ya theluji, uingie wima kwa uso wa theluji, kila sentimita 25, kwa kuzunguka. Ukigusa mwili utajua. Si kama udongo, si kama barafu. Unarudi kidogo, kama ulichoma mto. Usiuchomoe. Uache pale, rudi nyuma upande wa chini wa mteremko, mara moja na nusu ya kina kinachosomeka kwenye ufito, na mchimbe kuingia, mkisukuma theluji nyuma kwa zamu. Kuchimba ndiko kunakomaliza dakika. Siku yetu, bikoni ilituchukua dakika tatu. Mabeleshi yalituchukua nane, na mmoja wetu alikuwa na beleshi la plastiki lililovunjika kwenye pigo la pili.

Kwa hiyo fungueni mabegi sasa hivi, tafadhali. Nataka kuona beleshi la chuma, kila mtu. Nataka kuona ufito unafunguka na kukaza bila wewe kuangalia vidole. Bikoni ivaliwe mwilini, chini ya koti, isiwe mfukoni mwa begi, na betri ziwe mpya.

Uwanjani nyuma ya jengo hili, kabla hamjafika, nimefukia mfuko wenye bikoni inayotuma, kina cha kama mita moja. Nyinyi wanne wa mstari wa mbele ndio kundi la kwanza. Wengine mtasimama ukutani na kutazama bila kusaidia, hata mkitamani. Zimeni simu, vaeni glavu. Saa yangu naianzisha mlango ukifunguka.